Gari la polisi nyuma yangu, taa nyekundu mbele yangu

Msafiri wa Tegeta

Ndugu zangu, nawasalimu. Naomba ufafanuzi kuhusu jambo lililonipata Jumanne iliyopita, jioni, katika Barabara ya Bagamoyo hapa Dar es Salaam, nilipokuwa natoka kazini kurudi nyumbani. Nimesubiri siku kadhaa kabla ya kuandika ili hasira zipoe, kwa sababu nataka kuelewa kuliko kulalamika.

Nilikuwa gari la kwanza kwenye mataa, katika njia ya kulia. Taa ilikuwa nyekundu, na nyuma yangu foleni ilikuwa imejaa kama inavyokuwa saa kumi na mbili jioni. Kwenye kioo nikaliona gari la polisi, ile Land Cruiser ya wazi yenye mabenchi nyuma ambayo wengi wetu tunaendelea kuiita difenda hata pale ambapo si Defender, likipenya katikati ya safu mbili za magari mpaka likanifikia mgongoni. Dereva wake aliniwashia taa kubwa mara mbili au tatu, akapiga honi, kisha king'ora kikalia mlio mmoja mfupi, kama mtu anayekohoa mlangoni ili afunguliwe.

Sikuwa na pa kumpisha. Kushoto kwangu palikuwa na daladala iliyojaa abiria, na kulia palikuwa na ukingo wa zege unaotenganisha barabara. Nafasi pekee iliyokuwa wazi ilikuwa mbele, yaani ndani ya makutano yenyewe. Nikavuka mstari wa kusimamia, nikaingia katikati polepole huku nimewasha hazadi, difenda ikanipita na kutokomea, nami kwa kuwa sikuweza kurudi nyuma nikalazimika kumalizia kuvuka. Upande wa pili trafiki aliyekuwa amesimama chini ya mti alinisimamisha na kuniandikia kosa la kupita kwenye taa nyekundu, shilingi 30,000. Nilipomweleza kwamba nilikuwa nawapisha wenzake, alinijibu kwa upole kabisa kwamba yeye alichokiona ni gari langu likipita kwenye nyekundu.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba, mita kama mia tatu mbele, niliikuta difenda ile ile imeegeshwa kwenye kituo cha mafuta. Dereva alikuwa ananunua maji ya chupa kupitia dirishani, na askari waliokaa nyuma walikuwa wanazungumza na kucheka.

Basi maswali yangu ni haya. Je, gari la polisi lina ruhusa ya kupita taa nyekundu wakati wowote linapotaka? Mimi nilipaswa kufanya nini pale? Na kwa ujumla, kwa nini magari haya yanaendeshwa kwa namna ambayo mtu wa kawaida hawezi kuibashiri? Leo utaliona linakimbia bila king'ora, kesho utalikuta katika njia ya kulia likitembea kilomita thelathini kwa saa na msururu wa magari hamsini nyuma yake, hakuna anayethubutu kulipita. Linakata kona bila indiketa, na likitaka kusimama husimama hata kwenye mdomo wa mzunguko. Sisemi kwamba yote ni hivyo, ila nimeona ya kutosha kuuliza.

Raia Mwema

Ndugu, hukujua walikokuwa wanakwenda wala walikotoka. Huenda walikuwa wameitwa kwenye tukio la ujambazi, na wakiwa njiani wakaambiwa kwa redio kwamba wenzao wamekwisha kufika. Sisi raia tuna tabia ya kulaumu polisi wakichelewa, na wakiwahi tunawalaumu vilevile. Kuhusu faini, ulipita taa nyekundu, lipa uendelee na maisha.

Mzee wa Usukani

Msafiri, pole kwa yaliyokukuta. Mimi niliendesha gari la wagonjwa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na baadaye nikafundisha vijana udereva, kwa hiyo nitakujibu kwa yale ninayoyajua kutoka upande wa pili wa king'ora.

Nianze kwa kumtendea haki Raia Mwema, kwa sababu sehemu ya hoja yake ni kweli. Dereva wa dharura anaweza kuwasha king'ora, akakimbia kilomita mbili, halafu akazima na kutembea taratibu kama anayekwenda sokoni, na asiwe ametenda kosa lolote. Mara nyingi sana niliitwa kwa mgonjwa mahututi, na kabla sijafika nikaambiwa ameshachukuliwa na teksi. Katika hali hiyo king'ora kinapaswa kuzimwa papo hapo, maana kuendelea kukipiga bila sababu ndilo lingekuwa kosa. Polisi wana sababu nyingine ambayo sisi wa wagonjwa hatukuwa nayo: wanapokaribia mahali penye wizi unaoendelea, hawataki mwizi awasikie kutoka mtaa wa tatu. Kwa hiyo huzima sauti wakiwa bado wanakimbia, na wewe uliye barabarani unaona gari lenye mwendo mkali lisilo na mlio na unadhani dereva amerukwa na akili. Hata ule mwendo wa kinyonga una maelezo yake wakati mwingine. Gari la doria linatembea polepole kwa sababu kazi yake ni kutazama pembeni, ingawa nakubaliana nawe kwamba anayetaka kutazama pembeni atumie njia ya kushoto na kuwaachia wengine ya kulia.

Lakini chupa ya maji, ndugu yangu, tuiweke kando, kwa sababu ndiyo inayotuondoa kwenye jambo lenyewe. Hata kama gari lile lilikuwa linakimbilia benki inayovunjwa, namna lilivyokufikia pale kwenye mataa ilikuwa mbaya.

Sisi tulifundishwa kwamba king'ora ni ombi. Unawaomba watu wakupishe, na ombi linahitaji muda wa kusikika, kueleweka na kutekelezwa. Ukikiwasha ukiwa umeshamfikia mtu mgongoni, hujamwomba, umemshtua, na aliyeshtuka hufanya lolote: mmoja atakanyaga breki, mwingine atakata kushoto bila kutazama pikipiki. Tulitakiwa kuwasha mapema, tukiwa mbali na makutano, tubadilishe mlio tunapoyakaribia kwa sababu sikio la binadamu huzoea mlio mmoja na kuupuuza, na tukiona kwamba magari yaliyo mbele yamebanwa hayana pa kwenda, tupunguze mwendo, tubaki nyuma na kusubiri. Ndiyo, kusubiri. Wanafunzi wangu walikuwa wanacheka nilipowaambia kwamba dereva hodari wa dharura anajulikana kwa namna anavyosubiri. Ukimsukuma raia aingie kwenye makutano yenye magari ya upande mwingine, unakuwa umehamisha hatari kutoka kwenye gari lenye taa, rangi na king'ora, ukaiweka kwenye gari la mtu asiye na chochote cha kumtambulisha. Dereva wa lori anayekuja na taa ya kijani anamwona wapi?

Kuhusu swali lako la pili, jibu langu ni kwamba ungebaki pale pale. Ungewasha indiketa kuonyesha upande utakaosogea taa ikiruhusu, ungesogea kidogo ndani ya njia yako bila kuvuka mstari kama nafasi ipo, na ungeacha yaliyobaki kwa dereva wa nyuma, ambaye ndiye aliyepewa gari la dharura. Kama kuna askari katikati ya makutano anayeongoza kwa mikono, hapo mambo yanabadilika, maana ishara ya mkono wake inaishinda taa. Yule wako alikuwa chini ya mti na hakukupa ishara yoyote, kwa hiyo huwezi kumtumia kama ushahidi.

Binti wa Kisauni

Hamjambo huko Dar. Mimi niko Mombasa, na nilipoisoma habari hii nilidhani imeandikwa kuhusu barabara yetu ya Nyali, isipokuwa huku magari yenyewe yana namba za GK, yaani za serikali, na huko kwenu ni PT za polisi.

Ninataka kuongeza jambo moja ambalo Mzee hakuligusa, nalo ni wale wanaofuata mkia. Gari la polisi likipasua foleni kwa king'ora, sekunde hiyo hiyo utaona matatu mbili, pikipiki tano na gari moja la mtu mwenye haraka zake yameungana nyuma yake kama vifaranga. Madereva waliopisha wanajua gari la dharura ni moja. Likishapita wanarudi katika njia yao, na hapo ndipo wanapogongana na hao wafuasi. Mimi mwenyewe nilivunjiwa kioo cha pembeni namna hiyo, na aliyenivunjia hakuwa polisi. Kwa hiyo ukipisha, tafadhali tazama kioo mara ya pili kabla ya kurudi.

Pia nimeona kwamba dereva wa polisi akipita upande usio wake kwa sababu halali, raia hawajifunzi kwamba ilikuwa dharura. Wanachojifunza ni kwamba upande ule unapitika.

Kuhusu malalamiko, kwetu Kenya tunayo mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na raia anaweza kuipelekea lalamiko dhidi ya askari bila kupitia kituo ambacho askari huyo anafanya kazi. Sidai kwamba kila lalamiko la indiketa litafunguliwa faili. Ila mlango upo, na hauko ndani ya nyumba ya unayemlalamikia. Kwenu mlango huo uko wapi?

Msafiri wa Tegeta

Dada wa Kisauni, asante. Kwetu ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo inapokea malalamiko kuhusu matumizi mabaya ya madaraka katika vyombo vya umma kwa ujumla, polisi wakiwamo. Hata hivyo nakiri kwamba kuipelekea Tume suala la faini ya elfu thelathini ninaona ni kama kumwita fundi mwashi aje kufunga kitasa.

Mzee, nimekuelewa, ila nina shida na neno "ungebaki". Hukuwapo pale. Askari sita wamekaa nyuma na silaha, dereva anapiga honi, abiria wa daladala wote wamenigeuzia macho, na konda ananiambia "bosi, toa gari". Ni nani angebaki?

Mzee wa Usukani

Hapo umenishika, na ninakubali. Ni rahisi kutoa ushauri huu nikiwa nimekaa barazani na kikombe cha kahawa. Hofu yako ilikuwa ya kweli, na ndiyo maana nasema kosa lilianzia nyuma yako. Raia anayebanwa hivyo hana uchaguzi wa haki.

Ila nakuomba uitazame hesabu hii, kwa sababu nilikuwa nawaandikia wanafunzi wangu ubaoni kila muhula. Tuseme gari linakwenda kilomita tatu mjini. Kwa mwendo wa 50 kwa saa, ambao ndio kikomo cha sheria yetu katika maeneo ya makazi, litatumia dakika tatu na sekunde 36. Kwa mwendo wa 80 litatumia dakika mbili na sekunde 15. Tofauti ni sekunde 81, na hiyo ni kama barabara iko wazi kabisa, jambo ambalo Dar es Salaam hulipati hata saa tisa usiku. Sasa tazama gharama ya sekunde hizo. Dereva anahitaji karibu sekunde moja na nusu tangu aone hatari mpaka mguu wake ukanyage breki. Kwa mwendo wa 50, gari limekwisha kusafiri mita 21 kabla breki haijaanza kushika. Kwa 80, limesafiri mita 33. Na nguvu ya mgongano haiongezeki sawa na mwendo, inaongezeka kwa kipeo cha pili, kwa hiyo kutoka 50 hadi 80 inakuwa zaidi ya mara mbili na nusu.

Kisha kumbuka gari lenyewe ni la namna gani. Lile si gari dogo lililokaa chini. Limenyanyuka, limejengwa kwa ajili ya matope na mawe, na nyuma limebeba watu waliokaa kwenye mabenchi, migongo ikiwa ndani na miguu kuelekea nje, bila mikanda. Uzito wote huo uko juu. Dereva akikata usukani ghafla kumkwepa mwenye bodaboda, wa kwanza kurushwa ni askari wenzake. Kila ninapoona difenda ikiyumba kati ya magari kwa mwendo mkali, huwa nawahurumia wale vijana wa nyuma kuliko ninavyowahurumia wengine wote, kwa sababu wao hawakushika usukani na hawana hata cha kushikilia zaidi ya bomba la chuma.

Kuna jambo la mafunzo pia, na hapa nitasema kwa tahadhari kwa kuwa sikuwahi kuwa askari. Leseni ni kitu kimoja, na kuendesha kwa dharura ni kitu kingine. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kinafundisha madereva wa mabasi ya abiria, wa magari makubwa na wa viongozi kama kozi tofauti tofauti, kwa sababu kila kazi ina tabia zake. Kuendesha kwa king'ora kunahitaji kufundishwa peke yake hivyo hivyo, tena kurudiwa. Ukimpa mtu mwenye leseni safi king'ora kwa mara ya kwanza, mapigo ya moyo wake yanapanda, macho yake yanabana kwenye kitu kimoja kilicho mbele, na anaacha kuona pembeni. Mimi mwenyewe, safari yangu ya kwanza, nilipitiliza hospitali niliyokuwa naipeleka maiti, ah, samahani, mgonjwa, na nikagundua baada ya mita mia mbili. Mgonjwa alipona, msiwe na wasiwasi.

Kijana wa Leicester

Mzee umenichekesha usiku huu. Mimi ninaishi Uingereza, ninaendesha basi, na kila wiki ninapishana na magari ya polisi yenye taa za buluu, kwa hiyo nieleze namna sheria ya huku inavyoligawa jambo hili, maana inajibu moja kwa moja maswali ya Msafiri.

Kwanza, kikomo cha mwendo. Sheria ya mwaka 1984 inayaondolea magari ya polisi, ya zimamoto na ya wagonjwa vikomo vya mwendo, lakini kwa sharti: pale tu ambapo kukitii kikomo kungekwamisha kazi ambayo gari linaifanya kwa wakati huo. Msamaha unaifuata kazi na hauifuati rangi ya gari. Polisi akienda kununua chakula cha mchana anafungwa na kikomo kama mimi. Pili, taa nyekundu. Dereva wa polisi aliye katika dharura anaruhusiwa kuichukulia nyekundu kama alama ya kutoa njia, yaani anapunguza, anatazama, anawapisha wenye haki, kisha anavuka. Haijageuka kijani kwa ajili yake. Tatu, si kila askari anayeruhusiwa kuendesha hivyo. Aliyepata mafunzo ya kawaida anaweza kuendesha gari la doria siku nzima, lakini ukitokea mwito wa dharura hana ruhusa ya kukimbia kwa taa za buluu mpaka awe amefuzu kozi ya kazi hiyo.

Mwaka 2022 sheria mpya ilibadilisha kipimo cha kumhukumu askari anayeshtakiwa kwa uendeshaji wa hatari. Zamani alipimwa kwa kulinganishwa na dereva makini wa kawaida, na wengi walisema hilo halina mantiki, kwa sababu dereva makini wa kawaida hapiti taa nyekundu kabisa. Sasa analinganishwa na askari makini na mwenye ujuzi aliyepata mafunzo kama yake. Wapo waliodhani ni upendeleo. Mimi naona kipimo kimekuwa kigumu zaidi kwa wale wasiofundishwa, maana hawana pa kujificha. Na mtu akifa katika ajali iliyohusisha gari la polisi, jambo hilo hupelekwa kwa chombo huru cha kuchunguza mwenendo wa polisi, ambacho kinatumia jina lake la sasa tangu Januari 2018.

Sasa nije kwenye swali lako hasa, Msafiri. Huku raia anayevuka taa nyekundu ili kupisha gari la dharura anaweza kuandikiwa faini kama mwingine yeyote. Kitabu cha kanuni za barabara kinatuambia tuzingatie alama zote tunapopisha, tusifunge breki kwa nguvu tukikaribia makutano, na tusipande juu ya njia ya waenda kwa miguu. Mara ya kwanza niliona ni ukatili. Siku moja nilikuwa wa kwanza kwenye taa, gari la polisi likafika nyuma ya basi langu likiwa na taa zote na mlio wote, nami nikaanza kutetemeka kama wewe. Dereva wake akazima mlio. Alibaki na taa za buluu tu, akasubiri sekunde zote za nyekundu, na kijani ilipowaka mimi nikavuka na kusogea pembeni, yeye akawasha mlio na kuondoka. Baadaye mwenzangu wa kazini aliniambia kwamba wanafundishwa hivyo, kuzima ili wasimshinikize aliye mbele avunje sheria. Tangu siku hiyo sijawahi kutetemeka tena, kwa sababu ninajua atafanya nini, naye anajua nitafanya nini.

Raia Mwema

Huko ni Uingereza. Huku dereva wa polisi akizima king'ora na kusubiri, bodaboda kumi zitamzunguka na yeye atalala pale. Msilinganishe.

Kijana wa Leicester

Sikubishii, Raia Mwema, hali ya barabara si sawa. Lakini bodaboda zinazozunguka haziwezi kuwa sababu ya kumsukuma mwenye gari aingie kwenye njia ya lori. Hayo ni mambo mawili.

Binti wa Kisauni

Naunga mkono. Na kwa kweli nadhani Raia Mwema anataka kusema jambo ambalo hajalisema: kwamba askari akitii taa, watu watamdharau. Huku kwetu ndiyo fikra iliyojificha. Gari la polisi likisimama kwenye zebra kuwapisha watoto wa shule, mtu wa nyuma analipigia honi, kisha anaona namba za GK na kuufyata. Nililiona hilo kwa macho yangu mwezi uliopita, na dereva yule wa polisi alikaa kimya mpaka mtoto wa mwisho akavuka. Sikupata nafasi ya kumshukuru.

Mzee wa Usukani

Msafiri, swali dogo kabla sijalala. Ile fomu uliyoandikiwa umeshailipia? Nauliza kwa sababu ni taarifa ya kosa, bado si hukumu. Anayekiri hulipa, na asiyekubali ana haki ya kupelekwa mahakamani akajieleze mbele ya hakimu. Sikushauri uende, maana unajua mwenyewe thamani ya siku zako za kazi. Ila usilipe kwa kudhani kwamba hakuna njia nyingine. Na kama gari lako lina kamera ya mbele, itazame kabla ya kuamua. Kumbukumbu ya mtu aliyeogopa haiaminiki sana, nami najisemea mwenyewe kwanza.

Msafiri wa Tegeta

Mzee, umenipiga penyewe. Kamera ninayo, ya mbele na ya nyuma, na kwa aibu nakiri kwamba sikuwa nimeitazama hadi jana usiku baada ya kusoma ujumbe wako.

Nilichokiona kinatofautiana kwa sehemu na nilichokuwa nakikumbuka. Vimulimuli vya difenda vilikuwa vimezimwa muda wote. Nilikuwa na hakika kwamba viliwaka, lakini zilikuwa taa kubwa za mbele peke yake. Mlio wa king'ora upo, ni mmoja, haufiki hata sekunde mbili. Na upande wa kushoto, daladala ilikuwa imesogea nyuma kidogo na kuacha upenyo ambao gari langu lingeingia nusu, kama ningetazama kushoto badala ya kutazama kioo cha nyuma. Konda aliyeniambia nitoe gari, inawezekana alikuwa ananionyesha upenyo huo.

Jambo lililonikosesha usingizi ni la mwisho. Tangu nilipovuka mstari hadi taa yetu ilipogeuka kijani, nimehesabu mara tatu, ni sekunde tisa. Katika sekunde ya nne, upande wa kulia wa picha, anapita kijana wa bodaboda na abiria mwanamke aliyebeba mtoto, wakiwa na kijani yao, mbele ya boneti yangu, karibu kiasi kwamba rangi ya kanga yake inaonekana wazi. Siku ile sikuwaona kabisa.

Faini nimeilipa leo asubuhi. Nakala ya picha nimeihifadhi, na nimeandika barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa usalama barabarani wa eneo husika nikieleza saa, mahali na namba ya gari, bila kutaja maji ya chupa. Nikipata jibu nitarudi kuwajulisha.

Mzee wa Usukani

Ulifanya vizuri kuyaacha maji. Tunasubiri.